Heri Mwenye Shoga Asomaye Barafu

Watu wengi huingia kaburini bila kuambiwa kwamba Lutz yao haikuwa Lutz. Wanaruka miaka nenda miaka rudi, wanapigiwa makofi, wanawatumia video watoto na wajukuu, wanazeeka na heshima zao, na hakuna hata mmoja kati ya waliowapenda aliyethubutu kufungua mdomo. Mimi nimesalimika na balaa hilo. Ninaye shoga.

Kwa ambao hawakujaliwa kuteleza barafuni utu uzimani, nieleze kidogo. Lutz ni mruko, na jina lake ni la Alois Lutz, Mwaustria aliyeuruka mwaka 1913. Unakwenda kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, chuma cha kiatu kimelalia ukingo wake wa nje. Unachomeka meno ya chuma cha kulia kwenye barafu, unapaa, unazunguka kuelekea upande ambao mwili haukukusudia kwenda, kisha unatua kwa mguu wa kulia. Mwili wa binadamu una akili zake na hauipendi shughuli hiyo. Kwa hiyo dakika ya mwisho kifundo cha mguu hulegea chenyewe, chuma kikainamia ukingo wa ndani, na ulichoruka si Lutz tena bali ni mruko mwingine uitwao flipu. Mtazamaji wa kawaida haoni tofauti. Mama yako haoni. Mume wako haoni hata ukimchorea kwenye karatasi. Katika jedwali la Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza Barafuni, ISU, Lutz ya mzunguko mmoja ina pointi 0.60, na flipu ya mzunguko mmoja ina 0.50. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya pointi, na humo ndimo urafiki wetu unamoishi.

Shoga yangu ni mhasibu. Ni mzaliwa wa Nairobi, na alianzia pale Panari, Barabara ya Mombasa, kwenye uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005, ambako watu walilipa kiingilio ili wapate baridi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeanza ukubwani hapa hapa Minnesota, ambako baridi ni ya bure. Tulikutana kwenye uwanja wa kitongoji kimoja, alfajiri, saa ambayo watu wazima huachiwa barafu kabla watoto wenye vipaji hawajaamka. Furaha ya kupata mtu wa kusema naye Kiswahili kwenye baridi ile haielezeki. Tukasalimiana, tukaulizana ya nyumbani, wazee hawajambo, mvua zimenyesha. Kisha akasema, "Dadangu, hiyo si Lutz."

Nikakana, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angekana. Hakubishana nami. Aliteleza mpaka pale niliporukia, akapiga goti, akavua glavu, akaweka kidole kwenye mchirizi wangu. Chuma kikipita huacha mstari, na barafu iliyotoka kulainishwa na mashine ya Zamboni huuonyesha mstari huo waziwazi kuliko ilivyo adabu. Wangu ulikuja kwa upinde mpana, wa kupendeza kwa kweli, ukielekea upande mmoja mwendo wa mita kadhaa. Halafu, kama shubiri moja kabla ya tundu lililochimbwa na meno ya kiatu, ukajinyoosha, ukasita, ukapindia upande wa pili. Kidole kiliufuata taratibu mpaka kwenye shubiri ile kikasimama. Hakusema neno. Alipangusa ncha ya kidole kwenye koti, akavaa glavu yake, akaniacha hapo na ushahidi.

Kazi hii ya kusoma michirizi ilikuwa na wenyewe zamani. Kwa miongo mingi mashindano ya kuteleza yalikuwa na sehemu ya kuchora: mshindani anachora duara juu ya duara kwa chuma chake, kisha majaji wanashuka barafuni na makoti yao mazito, wanainama, wanakagua. Beatrix Schuba wa Austria alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972 kwa ustadi wa kuchora tu, kwani katika kuteleza kwa mtindo huru alikuwa wa saba. Watazamaji waliokuwa mbele ya televisheni zao hawakuelewa kitu. Mwaka 1990 ubingwa wa dunia ukachorewa duara kwa mara ya mwisho, sehemu hiyo ikafutwa, na majaji tangu hapo hukaa mezani na kutazama skrini. Inaelekea barua ya kufuta kazi hiyo haikumfikia shoga yangu. Anaendelea nayo, kila siku ya mazoezi, kwa magoti yake mwenyewe ambayo si mapya, wala hajawahi kudai posho.

Mlinganishe na kocha. Kocha analipwa kwa nusu saa na ana kodi ya nyumba. Kocha hutazama Lutz yangu, huvuta pumzi, husema, "Karibu sana." Amekuwa akisema karibu sana tangu tuanze, na sijaona mtu akikaribishwa muda mrefu namna hiyo bila kufika. Simlaumu. Ukimwambia mteja wa makamo ukweli kuhusu kifundo cha mguu wake, anaweza kwenda kujifunza kuogelea.

Wabaya hasa ni watu wema. Kila uwanja unao: wanampigia makofi kila mtu, aliyeruka na aliyekaa kitako, wanasema umependeza, umeng'ara, umeniliza. Wanavishana vilemba vya ukoka asubuhi nzima kisha wanakwenda kunywa chai wakiwa na furaha. Ukitoka mikononi mwao hujui umeruka nini. Niliwahi kukaa nao msimu mzima, nikajiona stadi, mpaka aibu inanishika nikikumbuka nilivyokuwa nikipungia mikono hewani mwishoni mwa programu. Kule hakuna mtu aliyewahi kupiga goti kwa ajili yangu.

Wapo wanaodhani ushindani mkali ni wa vijana wenye Olimpiki mbele yao. Hawajatuona. Kijana ana cha kupata: udhamini, nafasi ya chuo, bendera. Sisi hatuna cha kupata, na ndiyo maana hatuwezi kulegeza. Mtu aliyefikisha makamo, mwenye mkopo wa nyumba na kaptura ya sifongo chini ya suruali ili kuokoa nyonga, hawezi kuridhika na wa pili, maana wa pili wa kitu kisicho na faida ni hasara tupu. Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakicheza ngoma ya beni, Marini upande huu na Arinoti upande ule, wangetuelewa mara moja: watu wenye kazi zao na watoto wao, wanashona sare, wanapeana vyeo, hawalali kwa ajili ya kuwazidi wa ng'ambo ya pili kwa tarumbeta. Tofauti ni kwamba wao walikuwa kundi kwa kundi. Sisi tunatumia gari moja kwenda na kurudi.

Na ustaarabu umekua. Tarehe 6 Januari 1994, Detroit, Nancy Kerrigan alipigwa rungu mguuni akitoka mazoezini, na ikaja kugundulika kwamba mpango ulikuwa wa watu wa karibu na mpinzani wake Tonya Harding. Shoga yangu hulaani jambo hilo kila likitajwa. Anasema ni ushamba mtupu. Kwanza halikufaa kitu: wiki saba baadaye Kerrigan aliteleza Lillehammer akachukua fedha, Harding akawa wa nane. "Goti linapona," shoga yangu husema huku akifunga kamba za viatu. "Wangemwambia tu kwa upole kitu kidogo kuhusu ukingo wake, angekuwa anakifikiria mpaka leo."

Upole huo ndio tunaouita uanamichezo, na yeye ni bingwa wake. Kabla sijaingia barafuni hunishika mabega yote mawili, hunitazama machoni, husema, "Usiwe na wasiwasi, majaji wenyewe leo wamechoka." Nikitoka: "Nimependa ulivyoanguka. Wengine wakianguka huonekana wameshtuka." Siku nilipovaa gauni jipya lenye vito vya kubandika, nilivyovibandika mwenyewe kwa gundi usiku kucha, alinizunguka mara mbili akasema linafaa sana, kwa sababu mtu akilitazama hatazami miguu. Hayo si masengenyo. Msengenyaji husema ukiwa hupo. Huyu husubiri ufike.

Kisha kuna suala la kona. Kila uwanja una kona mbili ambazo waruka Lutz huzikimbilia kinyumenyume, bila kuona waendako, na adabu ya mazoezi ni kwamba anayechezewa muziki wake, mwenye kizibao cha rangi, hupishwa na wote. Shoga yangu hunipisha. Hunipisha uwanja mzima isipokuwa futi chache katika kona ile, ambamo husimama kufunga upya kamba ya kiatu. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye nikafahamu ni elimu: anayeruka Lutz ya kweli, anasema, anaweza kuiruka mahali popote. Nimejifunza kuruka nikiwa na hofu ya kumkanyaga mhasibu, na sasa hofu ya majaji hainisumbui.

Historia yetu ina mifano mizuri ya uungwana wa namna hii. Mwaka 1902 mjini London, Madge Syers wa Uingereza aliingia katika ubingwa wa dunia dhidi ya wanaume, kwa vile hapakuwa na kanuni iliyomkataza. Hakuna aliyefikiri mwanamke angejaribu. Akawa wa pili, nyuma ya Ulrich Salchow wa Sweden, yule ambaye mruko mwingine una jina lake. Husimuliwa kwamba Salchow alivutiwa hata akampa medali yake ya dhahabu. Mwaka uliofuata ISU ikapiga marufuku wanawake. Walipotengewa mashindano yao mwaka 1906, Syers akayashinda, akayashinda tena mwaka 1907, na mwaka 1908 akachukua dhahabu ya Olimpiki, hivyo wanaume wakaokoka.

Shoga yangu pia aliwahi kunipa medali yake ya dhahabu. Yalikuwa mashindano madogo, na katika kundi letu la umri tulijiandikisha wawili. Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Picha ilipokuwa inapigwa alivua ya kwake akanivika, akanikumbatia, na watu wema walio karibu wakatokwa na machozi. Aliichukua kabla hatujafika kwenye gari.

Msidhani anafurahia kunishinda. Anafurahia kunishinda kwa hesabu sahihi, na hicho ni kitu kingine. Mwaka nilipoanguka nikavunjika mkono, ni yeye aliyenipeleka hospitali. Njia nzima nilikuwa nalia, naye aliendesha kwa uangalifu, akanipa maji, akanifutia uso kwenye taa nyekundu, akaniambia kwamba ametazama video kwa mwendo wa polepole na kwamba nilikuwa nimepungukiwa robo ya mzunguko hata kabla sijaanguka, kwa hiyo nisijutie, mruko ulikuwa umeshaharibika angani. Maumivu yalipungua kidogo. Wiki zilizofuata alikuja kila jioni. Alinipikia wali wa nazi, ambao yeye kama mtu wa bara anaukosea tui, nami sikusema kitu kwa kuwa sina kipaji chake. Alinifungia vifungo. Alinisuka. Alileta kompyuta tukatazama Lutz za watu wengine, tukazikosoa moja moja mpaka usingizi ukanichukua.

Niliporudi uwanjani mlinzi wa mapokezi aliniambia kwamba muda wote ule shoga yangu alikuwa akija, anazunguka mara mbili tatu, anarudi nyumbani. Nilimuuliza. Akasema barafu ilikuwa mbovu. Barafu ilikuwa njema; mashine ilikuwa mpya. Hilo ni jambo la pekee katika miaka yote nililoona akilisema bila ushahidi, na nimelichukulia kama uchovu.

Sasa tunajiandaa kwenda Oberstdorf. Ni mji mdogo kusini mwa Ujerumani, chini ya milima ya Alpi, na tangu mwaka 2005 ISU huwakusanya huko watu wazima wasiokuwa na matumaini wala nia ya kuacha. Umri wa kuanzia ni miaka 28, na kutoka hapo washindani hugawanywa kwa makundi ya miaka kumi kumi. Tena kuna ngazi: Shaba, Fedha, Dhahabu, hadi za mabingwa waliowahi kuwa kitu. Sisi ni Shaba, ambako mruko wa Axel hauruhusiwi, amri ambayo magoti yetu yameitii kwa moyo mkunjufu. Mtu anaweza kushinda dhahabu ya Shaba, na mwingine akashinda shaba ya Dhahabu, na haishauriwi kuwakalisha meza moja ya chakula.

Makundi hayo ya umri yameleta baraka ambayo sikuiona mahali pengine popote: wanawake watu wazima wanaoongeza umri wao kwa hiari. Anayekaribia 48 huhesabu miezi, kwa sababu akivuka atakuwa mdogo kuliko wote katika kundi jipya, na waliomtesa kwa miaka kumi watabaki nyuma na ujana wao. Shoga yangu amekwisha kukokotoa kwenye jedwali la kompyuta mwaka atakaovuka yeye, miaka nitakayobaki mimi kundi la chini nikipumua, na mwaka nitakaovuka nimkute ananisubiri. Jedwali linaendelea mpaka kundi la miaka ya sabini. Safu zetu mbili ziko ndani yake mpaka mwisho. Nilimuuliza kama amefikiria kwamba mmoja wetu anaweza kufa kabla. Akasema amefikiria, ndiyo maana kuna safu ya tatu.

Kujipima kabla ya safari tuliingia mashindano ya hapa karibu, yenye majaji wa mfumo kamili. Katika mfumo huo kila mruko hupewa alama: kila jaji kati ya kutoa tano na kujumlisha tano kwa ubora, na juu ya hapo jopo la ufundi huweka vialama vyake. Mzunguko uliopungua robo, q. Uliopungua zaidi, mshale mmoja. Nusu au zaidi, mishale miwili. Ukingo ukiwa si wenyewe, e, na thamani ya Lutz inashuka mpaka chini ya ile ya flipu, yaani ungeruka flipu kwa unyofu ungekuwa tajiri zaidi.

Karatasi ya matokeo hubandikwa ukutani karibu na vyoo. Tulikwenda pamoja, tumeshikana mikono, tukiwa bado na magauni na masweta juu yake. Yangu ilisomeka Lutz, kisha e. Shoga yangu akatikisa kichwa taratibu. Hakusema nilikuambia. Alinikamua mkono tu, kidogo, kwa namna ya mtu ambaye miaka ya kazi yake imetambuliwa na serikali.

Kisha tukatazama ya kwake. Lutz, na mbele yake alama ya mshangao.

Kijitabu cha kanuni kinasema alama hiyo huwekwa pale ukingo usipokuwa bayana. Nilikijua kifungu hicho kwa moyo, maana yeye ndiye aliyenikaririsha. Tulisimama kimya. Watu wema walikuwa wanapita nyuma yetu wakitupongeza sote wawili. Hatimaye akavaa miwani, akaisogelea karatasi, akaisoma kwa muda mrefu, akainyoosha kona iliyokunjika.

"Wameshangaa," alisema.

Nikamwambia hongera. Nikamwomba anifundishe namna ya kuipata hiyo na mimi. Akasema si jambo la siku moja, dadangu. Kwanza lazima nitoke kwenye e.